Eda ya Diski

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na doti mbili za kanga, na katikati ya hotuba Neema, ambaye sasa anakalia kiti changu, akauliza mbele ya watu wote: "Bi. Tatu, na ile droo ya chini yenye diski zilizofungwa vitambaa, tuitoe?" Mkacheka. Mimi nikapaza sauti, "Msiiguse!" kisha nikashindwa kueleza zaidi, maana spika ilikuwa inalia na pilau lilikuwa linapoa. Basi maelezo yenyewe ni haya. Ni marefu kidogo, someni wakati mnasubiri umeme urudi.

Sikuanza na kompyuta. Nilianza na taipureta. Ofisi yetu ilitunza majalada ya mashamba ya vijiji vya huku kwetu, kuanzia pwani mpaka kule Ubena, na mimi niliajiriwa kupiga chapa barua. Lakini siku ya kwanza mashine ilikuwa imekaliwa na mtu mwingine, nikapelekwa masijala kusaidia kupanga majalada. Huko ndiko nilikomkuta Bi. Saada, mkuu wa masijala, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia wala akitafuta kitu mara mbili.

Kwenye kila rafu alikuwa amepiga mstari wa chaki nyekundu, panapotimia robo tatu. Majalada yakifika kwenye mstari, anaandika barua ya kuomba rafu mpya. Nikamwuliza, kwa ujuaji wa siku ya kwanza kazini, "Bi. Saada, mbona nafasi bado ipo?"

"Ipo," akasema. "Lakini wewe umewahi kumwona seremala aliyekuja siku aliyoitwa?"

Hiyo ndiyo elimu yangu ya kupanga nafasi ya seva, na niliipata miaka mingi kabla sijaiona seva yenyewe. Mengine yote niliyofundishwa baadaye, pamoja na semina ya siku mbili ambayo nusu yake ilikuwa chai, yalikuja kunihakikishia tu kwamba Bi. Saada alikuwa sahihi.

Seva ilipokuja iliwekwa kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mafagio. Fundi kutoka Dar akaifunga, akaniachia karatasi mbili za maelekezo na namba ya simu isiyopatikana. Nilikabidhiwa mimi kwa sababu nilikuwa napiga chapa haraka kuliko wengine, na wakubwa waliona kompyuta ni taipureta iliyosoma. Ndani yake mlikuwa na diski mbili pacha: kila kinachoandikwa kwenye moja huandikwa pia kwenye nyingine, ili moja ikifa pacha wake ashike kazi. Tukaanza kuskani majalada ya masijala, jalada kwa jalada. Karatasi zilizokwisha kuskaniwa zilifungwa kwenye maboksi na kupelekwa ghala la nyuma. Kumbukeni hilo ghala.

Adui wa kwanza hakuwa virusi, alikuwa hewa ya bahari. Chumvi hapa Bagamoyo inakula bati, bawaba na mguu wa kitanda, sembuse ncha za shaba za diski. Nilijifunza kuzisugua kwa raba ya kufutia penseli, ile nyeupe ya watoto wa shule, taratibu, kama unayemfuta mtoto uso. Mtawaona mafundi wakicheka. Waacheni wacheke, kisha waulizeni wao wanatumia nini.

Adui wa pili alikuwa sisi wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ile haba niliyoikuta kwenye seva sikuitegemea. Kulikuwa na harusi ya binti wa mhasibu, sehemu ya kwanza mpaka ya saba. Kulikuwa na mawaidha ya Ramadhani, na maulidi yaliyorekodiwa na mtu aliyekuwa amekaa karibu na feni. Kulikuwa na ripoti moja yenye majina matano: ya mwisho, ya mwisho kabisa, ya mwisho ya bosi, ya mwisho iliyosahihishwa, na hii ndiyo. Ile harusi sikuweza kuifuta, maana mimi mwenyewe nilikuwa jikoni siku hiyo na sehemu ya nne naonekana nikikaanga vitunguu. Nilimwendea mhasibu na flashi mkononi, tukaihamisha kwa heshima zote.

Kila Alhamisi kabla ya kufunga ofisi niliandika kwenye daftari nafasi iliyobaki na nafasi iliyoliwa wiki hiyo. Vijana wengi hutazama iliyobaki tu. Iliyobaki peke yake haikwambii kitu. Igawe kwa inayoliwa kila wiki, upate wiki ulizonazo. Kisha uulize ununuzi unachukua wiki ngapi kutoka barua ya kwanza mpaka mzabuni kuleta boksi. Wiki zako zikiwa chache kuliko za ununuzi, umeshachelewa, hata kama nusu ya diski ni tupu. Nilipoandika barua yangu ya kwanza, mkuu wetu, Bwana Ngowi, mtu mpole kutoka bara, alinijibu akicheka: "Tatu, unataka gunia jipya na debe la mchele bado limejaa?" Nikampa hadithi ya seremala. Alisaini. Boksi likaja msimu mwingine kabisa, nafasi ikiwa imebaki ya kuskani jalada moja jembamba.

Sasa nije kwenye vitambaa.

Mwaka huohuo Bi. Saada alifiwa na mumewe. Alikaa eda kama inavyotakiwa, miezi minne na siku kumi, na siku aliyorudi kazini alinikuta chini ya meza na bisibisi. Nilikuwa nimeshahamishia mafaili kwenye diski mpya, nimezitoa za zamani, na nilikuwa tayari kuzifuta zote ili zitumike kwingine.

"Umezitoa lini?" akauliza.

"Asubuhi hii."

"Na leo hii hii unaziosha?"

"Ni tupu, Bi. Saada. Yaani si tupu, ila kila kitu nimeshakihamisha. Nina hakika."

Akakaa kwenye kiti. Alikuwa amekonda. "Unajua eda ni ya nini?" akasema. "Kuna huzuni, ni kweli, na kuna heshima ya marehemu. Lakini pia ni ya kujua kama mna kitu tumboni. Mimi nina miaka hamsini na ushei, Tatu. Kila mtu alijua tumboni hamna kitu, na mimi mwenyewe nilijua. Sheria haikuniuliza kama nina hakika. Nilikaa."

Akanyanyuka, akachukua kipande cha kanga alichokuwa akifutia vumbi, akazifunga zile diski, akaandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika juu. Miezi minne na siku kumi. Tangu siku ile, isipokuwa mara moja nitakayoisimulia, hakuna diski iliyotoka kwenye seva yangu ikafutwa kabla ya eda yake kwisha. Wengine mliona ni ushirikina. Mmoja wenu, simtaji, aliuliza kama diski nazo zinavaa nyeupe.

Bi. Saada alistaafu, mimi nikaendelea. Majalada yakaja kwa wingi kuliko zamani, maana kila kijiji kilikuwa kinapimwa, na seva ikaanza kujaa tena. Niliandika barua kwenye mstari wa chaki kama kawaida, lakini safari hii walipoleta diski zilikuwa na nusu ya nafasi niliyoomba. Nilikaa na daftari langu nikapiga hesabu. Nikihamisha kila kitu kama kilivyo, zingejaa kabla barua nyingine haijafika mezani kwa mtu. Nikaamua kuhama kama anavyohama mtu mwenye nyumba ndogo, yaani kuacha vilivyojirudia.

Nikatafuta mafaili yenye jina moja na kijiji kimoja. Nilipata zaidi ya mia mbili. Nilifungua machache ya mwanzo, nikaona kweli ni jalada moja lililoskaniwa mara mbili na watu wawili. Basi yaliyobaki sikuyafungua. Katika kila jozi nikahamisha moja, pacha zake nikaziacha kwenye diski za zamani. Nilijipongeza sana. Diski za zamani nikazifunga kanga, nikaandika tarehe, nikafunga droo.

Mwezi wa nne wa eda Bwana Ngowi alikuja mwenyewe. Idara ya mipango imekwama, hawana pa kuweka ramani, na amesikia nina diski mbili zimelala. Nikamwambia zipumzike kidogo. Akasema, kwa upole wake uleule, kwamba diski hazichoki. Nikaona haya kumweleza habari za eda, yeye si mtu wa huku na nilikuwa nimeshachoka kuchekwa. Nikatoa moja. Ya pili nikamwambia imekufa. Ni uongo, na niliusema nikimtazama usoni. Ile moja ilifutwa siku hiyohiyo.

Hazikupita wiki mbili, mlangoni kwangu akasimama mama mmoja wa makamo ya shangazi zangu, viatu vina vumbi la kijijini Makurunge, mkononi ana mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, bi mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa karatasi ya baba imo kwenye mashine yako."

Alikuwa Bi. Mwanahamisi binti Salum. Marehemu baba yake alimgawia ekari tatu za shamba lake, mbele ya mashahidi wa kijiji, na amezilima tangu ujana wake. Sasa mpwa wake, mtoto wa kaka yake aliyefariki, anatafuta hati ya shamba zima, na kwenye jalada lake hakuna anapotajwa shangazi. Baraza la ardhi limewaita Jumatano. Mashahidi wote wamekwisha kufa. Karatasi halisi zilikuwa kwenye lile ghala la nyuma, na ghala lilikuwa limeliwa na mchwa mpaka fremu ya mlango.

"Jina la baba kamili, bi mkubwa?"

"Salum Athumani Salum."

Nikatafuta. Likatoka moja. Nikalifungua, ni la mpwa. Nikatafuta tena kwa kijiji, kwa mwaka, kwa namba. Hakuna. Nikamwambia halipo.

Hakulia wala hakugomba. Aliitazama ile skrini, akasema polepole, "Basi labda hakunipa." Miaka yote hiyo amelima pale akijua, na neno langu moja lilimfanya amshuku baba yake. Nikamwomba arudi kesho. Hata sasa nikiandika haya najisikia vibaya.

Alipoondoka ndipo ilipoanza kuniingia akilini. Mpwa anaitwa Salum Athumani Salum. Babu yake naye Salum Athumani Salum. Baba wa mpwa yuko katikati, Athumani Salum Athumani. Jamani, si ndivyo tunavyoitana? Mtoto anapewa jina la babu, jina linazunguka kama ndoo ya kisimani. Mimi mwenyewe ni Tatu mjukuu wa Tatu! Mtu wa kuja angesamehewa. Lakini sisi nyumbani hatuchanganyikiwi, huyu tunamwita Babu Salum na yule Salum mdogo, na tunajua nani kavunja kikombe. Kwenye faili hakuna mkubwa wala mdogo. Nilikuwa nimemfuta mzee mzima kwa kudhani ni kivuli cha mjukuu wake.

Nilipanda bajaji nikaenda kwa Bi. Saada. Alikuwa barazani anachambua mchele. Nikamweleza yote, la majina na la uongo.

"Siku ngapi zimebaki?" akauliza.

"Kumi na tisa."

"Basi kapime tumbo, wanikalia hapa kwa nini?"

"Nikiipata, lazima Bwana Ngowi asaini kwamba imetoka kwetu. Ataniuliza imetoka kwenye diski gani. Nilimwambia imekufa."

Akapepeta mchele mara mbili tatu kabla ya kunijibu. "Mficha uchi hazai, Tatu. Wewe unaogopa aibu ya siku moja. Mwenzio anapoteza shamba na baba."

Asubuhi nikafungua kile kitambaa. Chumvi ilishaanza, ncha zimeota ukijani. Nikasugua kwa raba, nikapuliza, nikasugua tena. Nilipoichomeka haikusema kitu. Nikaichomoa, nikasoma Bismillahi, nikairudisha. Ikavuma, ikakwama, ikavuma. Kisha mafaili yakaanza kujipanga kwenye skrini, na palipokuwa na Salum mmoja pakawa na wawili.

Jalada la mzee lilikuwa na kurasa tisa. Ya saba ilikuwa muhtasari wa kikao cha kijiji, na chini yake mchoro wa mkono: kisima, mkorosho, njia ya ng'ombe. "Mimi Salum Athumani Salum, nikiwa na akili zangu timamu, nampa binti yangu Mwanahamisi ekari tatu, kutoka kisimani mpaka njia ya ng'ombe, kwa sababu ndiye aliyeniuguza." Pembeni dole gumba, wino umevuja kidogo. Nililia pale kwenye stoo ya mafagio, sitawaficha.

Nikachapisha, nikaenda kwa Bwana Ngowi. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Alisoma ukurasa wa saba mpaka mwisho, akavua miwani.

"Uliniambia imekufa."

"Nilisema uongo, bosi. Na kosa la kufuta ni langu, si la mashine."

Nilitegemea onyo la maandishi. Nilistahili. Lakini akauliza swali ambalo mimi, kwa kumfikiria Bi. Mwanahamisi peke yake, sikuwa nimejiuliza.

"Na wengine?"

Akachukua karatasi, akaandika barua kwa baraza kwa mkono wake mwenyewe, kwamba jalada lilikosekana kwa kosa la ofisi na limepatikana. Akasaini, akapiga muhuri. "Jumatano utaenda wewe ukaisome," akasema. "Ukirudi utafungua hayo mia mbili, moja baada ya moja. Na hiyo diski isiguswe na mtu, hata mimi nikiomba."

Jumatano nikasoma mbele ya baraza. Nilipofika kwenye "ndiye aliyeniuguza" yule mpwa Salum, ambaye nilikuwa nimeshamchora moyoni mwangu kama mnyang'anyi, akainua mkono akaomba aione karatasi. Akaishika kwa mikono miwili.

"Hili ni dole la babu?"

"Ndilo."

Akamgeukia mama yule. "Shangazi, mimi sikujua. Nilikuwa mdogo. Nilichokikuta kwenye faili ndicho nilichokifuata." Kisha akamwambia mwenyekiti, "Babu keshasema. Mimi ni nani?" Mpaka ukaandikwa palepale, kutoka kisimani mpaka njia ya ng'ombe.

Yale mafaili mengine yalinichukua miezi. Kati ya yote, kumi na saba hayakuwa marudio; yalikuwa ya mababu na wajukuu, mabibi na wasomo wao. Nimewarudisha wote, kila mmoja na namba yake. Wenyewe hawajui mpaka leo kwamba kwa muda ule hawakuwapo. Ndiyo maana tangu wakati huo jina la faili kwetu linaanza na namba, na ndiyo maana hakuna faili linaloachwa nyuma bila kufunguliwa. Mlidhani ni ukali wa uzee.

Wiki moja baada ya baraza, Bi. Mwanahamisi alirudi ofisini. Nikadhani kuna tatizo, nikamwekea kiti. Akasema hana shida, ila yeye hakusoma, na siku ile barazani watu walikuwa wengi, hakusikia vizuri.

"Nisomee tena pale."

"Wapi, bi mkubwa?"

"Pale aliponitaja."

Nikamfungulia ukurasa wa saba, nikamsomea. Akaniomba tena, nikamsomea tena. Mara ya tatu alikuwa anasema pamoja na mimi, macho kayafumba, "binti yangu Mwanahamisi," na mkono kauweka juu ya skrini penye lile dole gumba.

Neema, diski zilizomo kwenye droo ya chini nilizitoa mwezi wangu wa mwisho kazini. Nimezifunga kwa kipande cha kanga yangu mwenyewe, na tarehe nimeiandika juu. Utakuja kuhitaji nafasi, na mkuu atakuja kuziomba kwa upole, na utazitazama uone kwamba kila kitu kimeshahamishwa na ndani hamna kitu. Ngojea siku za eda zitimie, mwanangu. Mimi pia nilikuwa na hakika.